Wape Maji, Majimoto

Kabla hujasema ni uzee, nisikilize. Nilimaliza kidato cha nne, gazeti nalisoma mpaka ukurasa wa michezo, na sijawahi kumwita mjukuu wangu kwa jina la mwenzake. Haya yalinipata mimi, nyumbani kwangu Lipangalala, mchana, nikiwa macho, na pombe sikuwa nimeinusa. Laiti ingekuwa ndoto.

Chumba changu cha uani nilimpangisha binti wa Uchindile aitwaye Yustina, fundi wa kubebesha miche ya miembe na michungwa, kuunga kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Binti mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Ila alikuja na mzigo ambao sikuuelewa: sanduku la plastiki linaloonyesha ndani, mfuniko wake wavu, na humo tawi la mwembe limejaa majimoto. Unawajua? Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi nyeupe wakayafanya nyumba. Wakikuuma ni kama umemwagiwa maji ya moto, ndiyo maana wakapewa jina hilo. Wenzake wanafuga kuku, yeye anafuga hao.

"Wanakula nini?" nilimuuliza.

"Wadudu kidogo, babu. Ila zaidi wanakunywa."

Akanionyesha. Asali kidogo anaizimua kwa maji, analowesha pamba, anaiweka kwenye kizibo cha soda. Maji matupu nayo yana pamba yake, tena yawe maji ya mvua, siyo ya bomba yenye dawa.

"Ukiwawekea maji wazi wanazama," alisema. "Na asali ikichacha, itoe. Chakula wanaweza kungoja, babu. Maji hawangoji."

Jumapili moja nilichungulia sanduku lile nikasahau kubana wavu. Suruali yangu ya kanisani ilikuwa kwenye kamba, karibu na dirisha la Yustina. Nikaivaa. Niamini, sikufika hata getini. Niliivua palepale uani, mbele ya majirani, huku Yustina amekaa chini kwa kicheko.

"Mzee mzima unafukuzwa na mdudu! Hao ni watani zako, babu, wanakusalimia!"

Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Kosa la wavu lilikuwa langu, lakini chuki niliwawekea wao.

Masika yalipoanza, Yustina akaitwa kwao, mama yake anaumwa. Aliniachia ufunguo, chupa ya asali na furushi la pamba. "Nakuachia roho zangu, babu," alisema. Nikamjibu nenda kwa amani. Mwanzoni niliwapa. Halafu nikawa naruka siku. Halafu nikaacha kabisa, na ile asali nikaitia kwenye chai yangu mpaka ikaisha. Ndiyo, niliinywa mimi.

Mchana mmoja simu ikaita. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia kikohozi chako. Sauti ya Yustina ikaja vipande vipande: "Babu! Wape maji... majimoto... maji, babu!" Ikakatika.

Wewe ungesikia nini? Mimi nilijua vizuri alichosema. Lakini maneno yale ukiyageuza kidogo tu yanasema wape maji moto, na ndivyo nilivyoyageuza. Nikajisemea, akirudi nitamwambia mvua ilikuwa kubwa, sikusikia sawasawa. Nikachukua chupa ya chai iliyojaa maji yaliyotoka kuchemka, nikafungua chumba chake, nikaingia na kusukuma mlango nyuma yangu mvua isiingie. Nikamimina juu ya wavu.

Harufu kama ya siki ikajaa chumba kizima. Nilikuwa bado nimeinamia sanduku niliposikia sauti ya mwanamke.

"Hodi."

Ulimi wetu una mazoea. Ukisikia hodi, unasema karibu kabla ya kufikiri. "Karibu," nikasema. Ndipo nikatambua kwamba hodi ile haikutoka nje. Ilitoka nyuma yangu, mlemle ndani.

Nikageuka. Alikuwa ameketi kitandani kwa Yustina, mrefu, kiuno chembamba kuliko nilivyowahi kuona kwa mtu, amejifunga kitenge cha rangi ya kutu. Hakuwa na tone la mvua mwilini.

"Ahsante kwa kutukaribisha," alisema. "Tuna kiu."

Mezani palikuwa na jagi la maji ya mvua. Nikamimina kwenye kikombe, nikampa. Hakukipokea.

"Ya wazi yanatuzamisha, babu."

Nilikimbilia mlango. Ndugu yangu, mlango ulikuwa umeshonwa. Nyuzi nyeupe, mbichi, kutoka juu mpaka chini, zimebana ubao na fremu kama mshono wa gunia. Nikavuta, vidole vikanasa. Dirisha nalo vilevile. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, lakini kwa mvua ile nani angenisikia?

"Mnataka nini?" nikamuuliza.

"Mama yetu, mle ndani ya majani, ana kiu. Uliambiwa, ukasikia ulichotaka. Asali iko wapi?"

"Nimeimaliza."

"Umeimaliza wapi?"

"Nimeinywa."

Aligeuza macho kwenye mdomo wangu bila kupepesa. "Basi tutainywa hapo ilipo."

Maji yangu ya moto yalikuwa hayajafika ndani ya majani yaliyoshonwa. Wakaanza kutoka, mstari mmoja, wakapita pale wavu ulipolegezwa na maji ya moto, wakashuka mezani, wakapanda suruali yangu, shati, shingo. Nikajikaza nisubiri kuumwa. Hawakuniuma hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walikwenda kwenye pembe za macho na pembe za mdomo, wakapanga foleni, wakanywa. Nikaketi kwenye stuli. Nikapapasa mezani furushi la pamba, nikalowesha donge kwenye jagi, nikaliweka kiganjani. Mmoja akashuka kutoka shavuni kuja kunywa, kisha wengine, mpaka kiganja kikawa chekundu.

"Hivyo hivyo," mwanamke alisema. "Mkono huo usikauke."

Nilikaa pale nikilowesha na kulowesha, sithubutu kukohoa. Mvua ilipokatika nikainua macho. Kitanda kilikuwa kitupu. Mlango niliuvuta ukafunguka, nyuzi zikining'inia pande zote mbili.

Yustina aliporudi nilimweleza yote, hata habari ya asali. Hakulia wala hakunitukana. Aliangalia waliokufa, ambao wenzao walikuwa wamewakusanya pembeni mwa sanduku. Akachomoa uzi mmoja mlangoni, akaunusa.

"Babu, uliitikia karibu?"

"Niliitikia."

Akafunga virago vyake, akahamia Katindiuka. Sanduku akaliacha. Nilimsihi alichukue, nikamfuata mpaka barabarani.

"Siwezi, babu," alisema. "Siyo wangu tena hao. Wamekushona wewe."

Tangu hapo siwezi kuwa mbali nao: mdogo wangu alipozikwa Mlimba nilifika stesheni nikageuza, kwa sababu macho yalianza kunikauka kama yametiwa mchanga. Mara moja tu nilijaribu kuacha pamba ikauke makusudi. Alfajiri niliamka kope zangu nzito, na nilipozigusa zilikuwa zinatembea. Wanangu wananiita niende kuishi nao mjini Morogoro, wanadhani nina ukaidi. Hata haya ninayaandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika pamba.

Kwa hiyo ukiachiwa kiumbe umpe maji, hata kama ni mdudu, hata kama humpendi, mpe kama ulivyoambiwa. Na ukiwa peke yako chumbani ukasikia hodi, funga mdomo kwanza. Sikiliza inatoka upande gani wa mlango.