Kipande cha Mkia wa Kondoo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi nikarudi na kijinga cha moto, kwa sababu njiani nimesahau nilichotumwa, Kibirichia nzima, kwetu huko Meru, ilijua jambo moja: mtu wa gichiaro hanyimwi. Gichiaro ni undugu wa kiapo. Babu zetu na babu za ukoo mmoja wa Tharaka walichanjana damu zamani wakamaliza vita. Tangu hapo, mtu wao akija kwako akaomba kitu, unampa, mnakula pamoja, anaondoka ameridhika. Ukimnyima, hana haja ya kukulaani. Ugonjwa unakuja wenyewe, na haumchukui aliyenyima. Unachukua mdogo.

Siku hizi nakaa Majimbo, hapa Embu, kwa binti yangu. Wajukuu wakisikia neno gichiaro wanadhani ni chama cha kina mama. Sina nguvu ya kuwafundisha.

Katika kilima chetu, nyumba ya Waislamu ilikuwa yetu peke yake. Baba alisilimu Meru mjini akiwa kibarua kwa mwenye duka la vitambaa, akarudi nyumbani na kofia, jina jipya na kisu. Kofia ilimletea kicheko. Kisu kilimletea heshima. Kukiwa na harusi ya kanisani walisema, "Mwiteni Mwislamu wetu," kama vile mtu anavyosema leteni ngazi yetu, naye alikwenda, akamwelekeza mnyama kibla, akataja jina la Mungu, kisha kila mtu akala bila wasiwasi. Hata leo hapa Majimbo, Wakristo wakiwa na matanga wanatafuta kijana wa msikitini awachinjie, halafu wanaimba nyimbo zao. Wale mashehe wanaofoka kwenye simu ya mjukuu wangu hawajui tunavyoishi huku.

Mzee M'Arimi alikuja asubuhi, jua limeshapanda. Sisi watoto tulikuwa tunachagua viazi vya mbegu. Aliketi kizingitini, akataja ukoo wake wa Tharaka, na Cucu, mama yake baba, akaacha kila kitu akaja kumsalimia kwa mikono miwili.

"Nimeona kondoo," mzee alisema.

"Umeona vizuri," Cucu akasema.

Alikuwa dume jeusi, mkia mzito kama mto wa kulalia. Baba alikuwa anamnenepesha kwa ajili ya Idd. Lakini alimfungua mwenyewe, akamleta, kisha akaenda kuchukua kisu.

"Rudisha hicho," M'Arimi akamwambia. "Kondoo wa gichiaro hamwagwi damu. Anazibwa pumzi, kama walivyofanya waliotuzaa."

"Mzee, nikichinja mimi tutakula sote."

"Nikiziba mimi pia tutakula sote. Kwani wewe una meno ya namna gani?"

Baba aligeuka akatazama ukuta mpaka mnyama akaacha kurusha miguu. Alikuwa ametufundisha mimi na kaka zangu kila jioni, kwa Kimeru, maana Kiarabu chake kilikuwa kidogo: mfu ni haramu, damu ni haramu, nguruwe ni haramu, na aliyenyongwa ni haramu. Nilikuwa na miaka minane na orodha ile niliijua kuliko jina la chifu.

Nyama ilipoiva, M'Arimi alimkatia Baba kipande cha mkia. Baba hakunyoosha mkono.

"Kondoo nimekupa," alisema. "Hiyo siwezi."

"Utakula," Cucu akamwambia. "Hata kama ni ya kulamba. Una mtoto mchanga mgongoni mwa mkeo."

Mama alikuwa amembeba Zainabu, mdogo wetu, ambaye hata mwaka hakuwa amefikisha. Mama alimtazama Baba, na sijawahi kuona mtu akiombwa hivyo bila neno.

"Mama, mdomo huu si wangu," Baba akasema.

M'Arimi akacheka. "Basi mwite mwenyewe aje ale!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Ndipo Cucu akapata dawa yake. Alinishika bega akanisukuma mbele. "Huyu atakula badala ya nyumba. Mtoto hana dini bado. Ni mtoto tu."

Mzee aliwaza, akakubali. Wote wakamgeukia Baba. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema haya. Alichukua debe akaenda kumkamua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Nilitia kile kipande mdomoni. Mafuta yalikuwa ya moto, na ninyi mnaokula nyama kila Jumapili hamjui mkia wa kondoo ni nini kwa mtoto wa viazi. Sikumeza. Nilikiweka shavuni, nikainamisha kichwa kama mwenye adabu, nikatoka, nikapita nyuma ya ghala, nikamtemea mbwa wa jirani. Alikula bila kuuliza. Nikasukutua kwa maji ya mfereji mara tatu, maana hesabu ya tawadha niliijua pia. Niliporudi nikafungua mdomo, mzee akaona mtupu, akanitemea mate ya baraka kifuani, akaibariki nyumba na kwenda zake. Cucu alifurahi siku nzima. Mimi nilifurahi zaidi yake. Niliona nimewashinda wote wawili, yeye na shetani.

Surua iliingia kilimani kabla ya mwezi kwisha. Ilichukua watoto wa mwalimu wa Jumapili, ikachukua wa fundi seremala, watu wasio na gichiaro na mtu yeyote. Ikamchukua Zainabu. Baba alimwosha na Mama, akamvika sanda ya kitambaa cha dukani, na kwa kuwa hapakuwa na Mwislamu mwingine wa kiume aliyekomaa, aliswali mbele na kaka zangu wadogo nyuma yake. Majirani walisimama kando na kofia zao mikononi. Mimi nilikuwa nimeshika kata ya maji. Nakumbuka kata. Kilio sikumbuki, kwa sababu sikulia.

Cucu hakungoja udongo ukauke. "Mdomo si wako," alimwambia Baba. "Haya. Mwenye mdomo amekuja kula."

Mama hakusema hata hilo. Aliendelea kumpikia, kumfulia, kumpa maji ya kutawadha. Lakini jina la Baba hakulitaja tena maisha yake yote. Akimhitaji alitutuma sisi: mwambie huyo.

Siku ya saba Baba aliniita kwenye mashimo ya viazi.

"Siku ile, ulikula?"

Nilifikiri haraka kama mwizi. Nikisema sikula, basi nyumba haikula, na aliyemuua Zainabu ni mimi, na Mama angeacha kunitaja mimi pia. Nikisema nilikula, nitachapwa tu.

"Nilikula, Baba."

Hakunichapa. Alikaa chini kwenye tope. "Nilijua ni haramu, nikaenda kukamua," alisema. "Mungu ameniuliza kwa Zainabu."

Mimi nilisimama pale. Nilielewa kila neno. Nilielewa kwamba ningeweza kumwinua kwa maneno mawili, sikula Baba, nikayameza hayo bila shida kabisa, mimi niliyeshindwa kumeza mkia.

Hakuchinja tena. Walipokuja wa harusi aliwaambia mkono wake hauna haki, watafute mwingine Meru. Wakatafuta. Baada ya mwaka hakuna aliyemwita Mwislamu wetu. Alikuwa mkulima wa viazi mwenye kofia.

Mwezi uliopita nilimsimulia mjukuu wangu Halima, anayesomea uuguzi. Alikuwa hajawahi kusikia. Hakuna aliyewahi kusikia.

"Shosho, surua ni virusi," alisema. "Hakuna cha gichiaro hapo. Na mtoto wa miaka minane haandikiwi dhambi, kwa hiyo hata ungekula, hakuna kitu."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukumwambia tu? Hata baadaye, ukiwa mkubwa?"

Watoto wa siku hizi wanalo jibu la kila kitu, ila hilo moja ndilo wanaloniuliza mimi.

Nilipata nafasi. Baba alilazwa Meru mwishoni, nikakaa naye siku tisa, mimi nina watoto wanne wakati huo na meno yangu yote. Kichwa chake kilikuwa kizima. Siku ya nane, baada ya adhuhuri, wagonjwa wengine wamelala, alinishika mkono akasema, "Mwari wangu, mwanangu, nisamehe. Nilikuacha ukala haramu kwa sababu ya uoga wangu." Alikuwa analia, machozi yanaingia masikioni.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba."

Alishukuru. Alishukuru sana, kwa sauti, mpaka muuguzi akageuka. Mimi nikampa maji, nikamfuta masikio, na alasiri ilipoingia nikatandika kanga kati ya vitanda nikaswali rakaa nne, sikukosea hata moja.

Halima aliniuliza nilisikia nini moyoni. Nilimwambia sikusikia kitu, na ndivyo ilivyokuwa. Sikuogopa gichiaro na sikumwogopa Mungu. Nilimwogopa Mama, na alipokufa Mama uoga ulikuwa umeshakuwa mazoea. Cucu alikosea, Baba alikosea, Zainabu alikufa kwa surua kama wenzake. Nilikuwa mtu mmoja tu duniani aliyejua nyumba ile haikuwa imekula haramu, na nilimzika Baba yangu akiamini imekula.