Dadu Ishirini Ndani ya Sinia

Mimi ni mtoto wa muuza nyanya, na hesabu za mbele ya watu zinanitoa jasho. Nikiwa peke yangu najumlisha vizuri tu. Nikitazamwa, namba zinanikimbia. Mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye mchezo wa dadu, mpaka leo sijui. Labda niliifuata hadithi.

Maana mchezo wetu ulikuwa hadithi kwanza. Tulikuwa wanne, tukikutana kila Jumamosi baada ya adhuhuri huko Kariakoo, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Duka ni la ukoo wa shoga yangu, Waarabu waliokuwapo mtaani tangu enzi za babu yake, na sisi tulikaa katikati ya majora ya vitenge kama wezi waliofungiwa. Msimulizi wetu alikuwa mfamasia wa Kihindi kutoka Upanga. Wengine watatu, kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi: anachokiweza, anachokiogopa, na uhai wake kwa namba. Msimulizi anakuambia uko wapi na hatari gani inakujia, wewe unasema mtu wako anafanya nini, dadu zinaamua. Ukimpiga adui, unajumlisha dadu zako, na jumla hiyo inatolewa kwenye uhai wake. Uhai ukiisha, amekufa. Watu wetu nao ni hivyo hivyo, na akifa mtu wako unaichana karatasi yake. Sheria hiyo hatukuwahi kuivunja.

Shoga yangu alikuwa na tabibu, mama wa makamo anayewatibu watu huku akiwasema. Alimcheza miaka mitatu, na kuna siku nilimjibu shoga yangu kwa adabu nikidhani naongea na tabibu. Mimi nilikuwa na mwanamke wa radi. Nilimchagua kwa sababu napenda ngurumo, nisijue kwamba kadiri anavyopata nguvu ndivyo radi yake inavyodai dadu nyingi. Alianza na tatu. Mwaka wa tatu ulipofika, radi moja ilikuwa dadu ishirini, tulizokusanya kutoka kwenye maboksi ya ludo ya barabarani, za kila rangi. Tulizirusha ndani ya sinia la pilau lililotandikwa kitenge, wateja wa chini wasije wakadhani dari linaanguka.

Wa nne wetu alikuwa anatoa mizigo bandarini, na kichwa chake kilikuwa kikokotoo. Mwanzoni, kabla sijagusa hata dadu moja, yeye ameshataja jumla, tena anacheka. Siku moja nilikwenda kujifungia chooni nikalia kwa hasira. Niliporudi nikakuta shoga yangu ameshapitisha sheria nyingine: anayerusha ndiye anayehesabu, na wengine midomo kimya, hata akikosea. Msimulizi ataruhusiwa kuuliza mara moja tu kama una uhakika. Nilijua kabisa sheria ile imetungwa kwa ajili yangu. Kuanzia siku hiyo nikawa nahesabu kwa njia niliyokulia nayo, yaani kwa mafungu. Nachukua sita na nne, fungu. Tano na tano, fungu. Kila fungu ni kumi, na mwisho nahesabu mafungu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya shoga yangu. Jumatano alikuwa anaondoka kwenda Muscat kwa mumewe. Tulikubaliana aondoke na karatasi ya tabibu, awe anaendelea kucheza nasi kwa simu ya video. Wenzangu waliliona jambo dogo. Mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba tabibu akifa, mwenzangu hatakuwa na sababu ya kupiga simu Jumamosi. Atakuwa na nyumba yake, wakwe zake, maisha yake mapya, na mimi nitabaki nikisubiri. Nilikuwa na wivu na nilikuwa na hofu, na vyote viwili nilivificha.

Msimulizi naye hakutuhurumia. Pweza mkubwa kuliko pantoni la kuvushia watu aliibuka kivukoni Magogoni, akamkamata tabibu kiunoni. Tukapigana naye zamu baada ya zamu. Ikafika zamu yangu. Msimulizi akatuambia wazi: pweza amebakiwa na uhai sitini na nane. Nisipoumaliza sasa, zamu yake ikifika anambana tabibu mpaka afe. Radi yangu mara nyingi ilitoa sabini hivi, ikipungua kidogo au kuzidi kidogo. Ilikuwa kama kurusha shilingi.

Nikazishika dadu kwa mikono miwili na hazikutosha, mbili zikaanguka, nikaanza upya. Nikarusha. Zikatawanyika sinia zima na mimi sikuona namba, niliona vidoa tu. Jasho likanishuka mgongoni. Nikaanza kupanga mafungu, mikono ikienda yenyewe, maana kichwa kilikuwa kimeshakimbia. Mafungu sita. Pembeni zikabaki dadu mbili, moja ya namba nne na moja ya namba mbili. Nikatazama kama kuna nyingine imejificha chini ya mkunjo wa kitenge. Haikuwepo.

"Sitini na sita," nikasema.

Msimulizi akaniuliza swali lake moja. "Una uhakika?"

Ningeweza kuhesabu tena. Hilo ndilo linaloniuma. Lakini kuhesabu tena mbele yao, polepole, huku wote wamenyamaza, kulinitisha kuliko pweza. Nikasema ndiyo.

Yule wa bandarini alikuwa ametazama dirishani, kama alivyojizoesha. Shoga yangu akapiga picha ya sinia, ukumbusho, alisema. Kisha msimulizi akasimulia kifo cha tabibu kwa sauti ya chini, na shoga yangu akaichana karatasi mwenyewe, mara mbili, vipande akavitia kwenye pochi. Akanikumbatia. Mimi sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata hakupiga simu. Iliyofuata pia hakupiga. Nami sikupiga, kwa sababu ningemwambia nini?

Wiki ya tatu nilikwenda kumsaidia mama kwenye meza yake ya nyanya, nyuma ya soko. Mteja mmoja akaomba mafungu mawili. Mama akalimimina fungu la kwanza kwenye mfuko, akatupia nyanya ndogo juu, nyongeza, bila hata kuitazama. La pili vilevile. Nyongeza haihesabiwi. Tangu niko mdogo nimezitia maelfu, kila mara ile ndogo kuliko zote. Nikatoa simu, nikaitafuta ile picha ya sinia aliyotutumia shoga yangu, nikaivuta iwe kubwa.

Mafungu sita. Na juu ya matatu kati yake, nimeweka kwa unadhifu kabisa dadu moja moja, zote za namba moja.

Nikamtumia shoga yangu ujumbe nikiwa nimesimama pale pale. Nikamwambia nimemuua tabibu wake kwa ujinga wa mikono yangu, na naomba anisamehe. Simu ya video ikaita kabla sijairudisha mfukoni. Alikuwa jikoni, kajifunga kanga kichwani, na nyuma yake kuna kitu kinachemka.

"Niliona siku ile ile," akasema. "Ulivyosema una uhakika, sikutaka wakuone umekosea. Si siku yangu ya mwisho."

Nikamuuliza kwa nini alikubali kumpoteza tabibu kwa ajili hiyo. Akaniambia nihesabu tena, sasa hivi, kwa sauti, na dadu zote. Nikamwambia niko sokoni, watu wananitazama. Akasema anawaona.

Nikaifungua tena picha, nikahesabu. Mama aliacha kufunga mfuko, mteja akasogea kuchungulia simu yangu, mwanamke wa meza ya pili akauliza huyu ana nini. Sauti ilinitetemeka mpaka kwenye arobaini. Nilipotea mara moja, nikarudi mwanzo, na hakuna aliyenisaidia.

"Sitini na tisa," nikasema.

"Basi alikuwa mzima," akasema shoga yangu. Mimi nimeishika simu kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza Jumamosi tunaanza saa ngapi, kwa saa za kwao, maana ana mtu mpya na bado hajamwandikia uhai wake.