Ndoo ya Nyungunyungu

Kabla jua halijawa kali, mama mkwe huwa ameshapiga magoti shambani, ndoo ubavuni, mikononi glavu zilizoshonwa karibu kila kidole. Hufukua taratibu, kama anayechambua mchele. Akimpata nyungunyungu mnene, humwambia kwa sauti ya chini, “Haya baba, umeshiba. Toka.” Shamba limepakana na kiwanda cha betri kilichofungwa. Madini ya risasi yaliyovuja humo hadi shambani ndiyo yaliyomlaza mjukuu wake hospitalini, na tangu hapo mkamwana wake, mama wa mtoto, hajaukanyaga udongo ule. Hutazama akiwa mlangoni tu. Bwana shamba aliwaeleza kwamba nyungunyungu hula udongo na kubaki na sehemu ya sumu mwilini, kwa hiyo watolewe, waletwe wengine, hivyo hivyo mpaka ardhi ipone.

Leo jirani alipita. “Shoga, nigawie hao kiganja kimoja, kuku wangu wamekonda.” Mama mkwe, ambaye hajawahi kumnyima mtu hata chumvi, aliifunika ndoo kwa mikono miwili. “Hapana. Hawa wamebeba kilichomlaza mjukuu wangu. Kuku wakiwala, watataga, na mayai watakula wajukuu zako.” Jirani aliondoka amenuna. Mama mkwe akabaki ameinama, ndoo hajaiachia. Mkamwana alivua ndala, akavaa viatu vya mvua vya mumewe, akaenda kupiga magoti kando yake.

“Nianzie wapi, mama?”

“Hapo hapo ulipo, mwanangu.”