Ndama Hajui Kijerumani

Jamani, leo nimemtukana ndama kwa Kijerumani.

Ngojeni niwaeleze. Mnajua mimi ni mkalimani bomani Mpwapwa. Asubuhi Bwana Mkubwa, yule Mjerumani, kaniita mjinga kwa lugha yake mbele ya wazee waliokuja na shauri la malisho, eti natafsiri polepole.

Kifuani kukawa na baraza. Mmoja anasema, mjibu! Mwingine anasema, nyamaza, wewe ni mtu mwenye adabu. Mimi katikati yao nikaamua kucheka.

Nimecheka mpaka jioni, wenzangu.

Nafika nyumbani, mke wangu anakamua. Ndama akanikanyaga kidole. Hapo nikamwaga yote, neno kwa neno kama nilivyotukanwa.

Ng'ombe akashtuka, akazuia maziwa. Na kwetu Ugogo ng'ombe anayekamuliwa huimbiwa, hafokewi.

Mke wangu hakuinua hata kichwa.

"Baba Yohana, huyo ndama hajui Kijerumani. Aliyekutukana yuko bomani."

Mwanetu Yohana amekunywa uji usio na maziwa, akalala. Mimi bado niko zizini, namwimbia ng'ombe, na hasira yenyewe wala haijaondoka.

Hebu niambieni, ya kwenu leo mmemmwagia nani?