Boksi Lisiloandikwa kwa Chaki

Ukiingia kwenye lile jengo la ghorofa kwa mlango wa pembeni, kabla hujakanyaga ngazi ya kwanza, utamkuta Bi Haipungui amekaa chini yake, mgongo ukutani, miguu juu ya kiroba kilichokunjwa. Jina hilo si la kuzaliwa. Alipewa na fundi cherehani wa mlango wa jirani, kwa sababu ya jibu analompa kila anayemwomba apunguze bei, awe mwalimu, awe askari, awe mtu mwenye machozi machoni. Haipungui. Akishasema hivyo anakifuta kitabu vumbi, anakuwekea mkononi ukitazame vizuri, kisha ananyamaza. Kimya chake ndicho kinachouza.

Anauza vitabu vya watoto vilivyokwishatumika. Zamani alikuwa akiuza magazeti ya kufungia nyama. Aliyanunua kwa kilo kwenye maofisi, na ndani ya marobota hayo mara kwa mara kilichomoka kitabu cha mtoto, chenye jalada lililotafunwa kona. Wauza nyama hawakuvitaka, karatasi zake ngumu, hazikunjiki. Wenzake wakavitupa. Yeye akavirundika nyumbani kwake chini ya kitanda, na siku alipovitoa, akaona watu wanapita kwenye magazeti bila kugeuza shingo, wanasimama kwenye vitabu. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akamfuata mwenye jengo, akamshikilia kwa maneno mpaka akampa ile nafasi chini ya ngazi iliyokuwa ya mafagio.

Kazi yake ina utaratibu ambao hajamwiga mtu. Mteja anafika na neno lilelile la wote:

"Nataka kitabu cha mtoto wa miaka sita."

"Miaka sita kamwambie wa chanjo. Mimi niambie mtoto wako akoje."

"Akoje kivipi?"

"Ukimnunulia kigari, anakiendesha au anakifungua?"

"Ah! Hicho hakilali kizima."

"Basi mtoto wako yumo kwenye boksi lile."

Na kweli, maboksi yake ya mbao hayakuandikwa umri. Yameandikwa kwa chaki WAVUNJAJI, WAOGA, WABISHI, WASIOKAA CHINI. Lipo pia boksi la watoto wakubwa ambao kusoma kumewapiga chenga, nalo ameliandika WENYE MWENDO WAO, ili asitokee wa kuona haya kulisogelea. Humo herufi ni kubwa lakini hadithi ni za watu wazima kidogo, za mpira, za safari, za wizi. Maana, asema yeye, kijana aliyeanza kuota ndevu ukimpa kitabu cha bata na puto, atamchukia bata, atakichukia na kitabu.

"Na mimi boksi langu lipi?" fundi humchokoza, mdomo umejaa pini.

"Wewe ni wa boksi la wasemaji, na hilo sikuliweka. Lingejaa mtaa huu wote."

Lakini chini ya meza lilikuwapo boksi jingine, lisiloandikwa kitu. Kila robota jipya lilipofunguliwa, kitabu cha kwanza kizuri kilikwenda humo kabla mteja hajakiona. Mtu akikichungulia na kuuliza bei, Bi Haipungui alilisukuma boksi ndani kwa kisigino na kusema hicho kina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mjukuu wake.

Bi Haipungui alizaa mtoto mmoja tu, wa kike, na huyo alifariki akiwa bado ananyonyesha. Mkwewe akahamishwa kikazi, akaenda na mtoto mji wa mbali, akaoa tena kama ilivyotarajiwa, na Bi Haipungui hakuwa na la kusema. Mara ya mwisho kumwona mjukuu wake, alikuwa akitembea kwa kushika viti. Baada ya hapo ikabaki simu. Bibi akichekesha, "Hujambo, mke mwenzangu!" upande wa pili sauti ndogo ikasema, "Baba, simwelewi." Basi akaacha utani, wakabakia na shikamoo na marahaba, na upepo wa simu katikati.

Boksi likawa ndiyo mazungumzo yake. Huyu atakuwa mwulizaji, alijiambia, lazima awe mwulizaji. Akaweka kitabu cha wadudu, chenye picha ya sisimizi aliyepasuliwa katikati uone matumbo. Akaweka cha nyota. Akaweka cha mashine, cha volkano, cha namna daraja linavyosimama bila kuanguka. Vikawa vinapanda kadiri mtoto alivyokuwa akipanda madarasa. Wateja wa vitabu hivyo aliwafukuza, yeye ambaye hajawahi kumfukuza mteja maishani.

Ndipo mkwe akapiga simu. Atasafiri na mtoto, watashuka hapo asubuhi kungojea basi jingine.

"Nitakuletea umwone, mama. Yuko darasa la nne sasa. Na lile ombi lako la likizo nimelifikiria. Akipenda mwenyewe, likizo hii aje akae na wewe. Lakini sitamlazimisha."

"Wala usimlazimishe," alisema Bi Haipungui. "Mwache aje aone mali kwanza."

Siku yenyewe alifagia mpaka kwenye ngazi za watu wengine. Akaazima kigoda cha fundi, akakitandika kanga mpya. Boksi akalitoa chini ya meza, akalipanga vitabu vikitazama nje, cha wadudu mbele kabisa.

"Leo umevaa kama bibi harusi," fundi akasema.

"Nyamaza ushone."

Wakaja. Mkwe alisimama mbali kidogo, macho chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe. Mtoto alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimesukwa nyuma kwa mkono usio na haraka. Akaamkia vizuri. Akakaa kwenye kigoda, magoti pamoja. Sura ilikuwa ile ile ya mama yake. Bi Haipungui ilimbidi ageuke, ajifanye anatafuta kitambaa.

"Hivi vyote ni vyako," akamwambia. "Nilianza kuviweka hata hujajua kusema."

Akampa cha wadudu. "Asante, bibi." Mtoto akakifungua ukurasa wa sisimizi, akakifunga, akakilaza mapajani. Akampa cha nyota. "Asante, bibi." Kikalala juu ya kile cha kwanza. Cha mashine. Cha volkano. Asante, bibi. Asante.

Wengine wangefurahi kwa adabu ile. Bi Haipungui hakufurahi, kwa sababu kazi yake ameijua kwa macho. Mtoto aliyeona kitabu chake hakumbuki asante. Anasahau kama uko. Anakaa chini hapohapo kwenye vumbi, na mama yake anamvuta mkono naye haendi. Mtoto anayeshukuru na kukifunga kitabu mapajani, hicho kitakwenda kukaa juu ya kabati mpaka mende wakichoke.

Akamgeukia mkwe. "Mwanangu, huyu anapenda nini?"

Mkwe akababaika. "Anafanya vizuri, mama. Hata mwalimu anamsifu."

"Sikuuliza mwalimu."

"Anapenda... Anasaidia sana nyumbani."

Baba mtu wa watu, lakini jibu hilo angelitoa mteja, angerudishwa akamwulize mtoto kwanza. Safari hii wa kurudishwa alikuwa yeye mwenyewe muuzaji. Maana alipolitazama lile rundo mapajani mwa mtoto, aliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Aliyependa kupasua sisimizi hakuwa huyu. Aliyeuliza daraja linasimamaje, aliyevunja redio ya marehemu baba yake aone nani anasema ndani, alikuwa mama wa huyu. Miaka yote hiyo Bi Haipungui alikuwa akimchagulia vitabu mtu aliyekwishazikwa.

Mtoto akainuka taratibu, akaliweka rundo juu ya kigoda, akasogea kwenye maboksi. Akapita WAVUNJAJI bila kutazama. Akachuchumaa kwenye WAOGA. Akachakura, akatoa kitabu chembamba cha kurasa ngumu, chenye kinyonga aliyejificha kwenye kikombe kwa kuogopa ngurumo.

"Hiki bei gani, bibi?"

"Si nimekwambia ni vyako?"

"Hiki siyo changu. Ni cha mdogo wangu. Anaogopa mvua."

Bi Haipungui akavuta pumzi, akarudi kazini. Hapo alipajua.

"Anaogopa mvua yenyewe au kelele yake?"

"Kelele. Ikipiga bati. Anajificha nyuma ya mlango, anaziba masikio."

"Ukimsemesha anasikia?"

"Ukimsemesha hasikii. Ukimsomea anasikia."

"Basi hicho ulichoshika kina picha nyingi mno, utakosa la kusema. Angalia kile chenye mgongo wa bluu. Hicho kina maneno ya kurudiarudia, atayashika, mtayasema pamoja kushinda bati."

Mtoto akakichukua. Akakifungua ukurasa wa kwanza, na pale pale, kwenye vumbi la chini ya ngazi, akaanza kukisoma. Si kimoyomoyo. Alikisoma kwa sauti tatu, ya chura mkubwa, ya chura mdogo, na ya mvua, na mvua alikuwa akiipiga kwa vidole kwenye ubao wa boksi. Mama mmoja aliyekuwa akipanda ngazi akasimama katikati. Fundi akaacha kukanyaga cherehani. Mtoto hakumwona hata mmoja wao. Hakusema asante.

Alipomaliza, Bi Haipungui aliuliza polepole, "Nani humsomea mvua ikinyesha?"

"Mimi."

"Na mama yake?"

"Mama anarudi jioni."

Alivyolitamka neno hilo, mama, hakuwa anamsema wa makaburini. Bi Haipungui alilipokea bila kupepesa.

Mtoto akafungua leso yake, akatoa sarafu. Bibi akachukua moja. Angeweza kumpa bure, lakini alijua kitabu ulichokinunua mwenyewe hukibebi kama zawadi, unakibeba kama mali yako.

Kisha akasema alichokuwa akingoja kukisema. "Likizo njoo ukae na mimi. Maboksi yote haya utasoma wewe. Watu watasimama ngazini kama alivyosimama yule mama."

Macho ya mtoto yaling'aa kidogo, akayatembeza kwenye maboksi. Halafu yakazima.

"Siwezi, bibi. Likizo ndiyo mvua zinaanza."

"Mlete na yeye. Njooni wote."

Bi Haipungui akamtazama mkwe, na mkwe akatazama viatu vyake. "Mama yake hawezi kumtoa, mama. Bado mdogo mno."

"Basi si likizo yote. Nusu."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Wiki moja. Wiki ni nini? Unakuja, unarudi, hata hajajua umekwenda."

"Atajua."

"Siku mbili, mjukuu wangu. Ulale hapa, kesho yake baba anakufuata."

Fundi alikuwa ameinamisha uso kwenye kitambaa kisicho na kazi. Katika ujirani wao wa miaka yote hiyo hakuwahi kusikia bei ikishuka chini ya ngazi ile, na sasa ilikuwa inashuka, inashuka, wala mnunuzi hanyooshi mkono.

Mtoto akamsogelea bibi yake. Akamtazama kwa huruma ya kweli, jinsi anavyomtazama yule mdogo wake nyuma ya mlango, pengine.

"Mvua haisemi itakuja siku gani, bibi."

Hapo Bi Haipungui akainuka, akamfungia kitabu kwenye gazeti, akakaza uzi mara mbili. Basi lilikuwa karibu kuondoka. Mkwe akaaga kwa mikono miwili. Mtoto akashika mlango wa pembeni, akageuka, akapunga ule mkono wenye kitabu, wakatokomea kwenye jua la barabarani.

"Si ungempa tu boksi lote aende nalo?" fundi akauliza baadaye, kwa sauti isiyo ya utani.

"Angelichukua. Angesema asante kwa kila kimoja." Akakirudisha kigoda mlangoni kwa fundi. "Mwenyewe hayupo, fundi. Nilijua hayupo. Nikaendelea kuweka akiba tu, kama mwehu."

Akaanza kuvitoa vile vitabu, kimoja kimoja, kuvigawa. Cha mashine, WAVUNJAJI. Cha volkano, WASIOKAA CHINI. Cha nyota alikaa nacho kidogo, jalada limeelekezwa kifuani. Boksi lilipokwisha akaligeuza, akashika chaki, akangoja neno la kuandika. Halikuja. Akairudisha chaki kwenye kopo.

Mama aliyesimama ngazini akashuka, mkoba begani.

"Samahani, mama. Nina binti, ana miaka tisa."

Bi Haipungui hakumwambia habari za chanjo. "Akoje?" aliuliza.

"Huyo! Anauliza mpaka unamfungia mlango. Juzi kanivunjia saa ya ukutani, eti anatafuta inapotokea ile sauti."

Bi Haipungui akanyoosha mkono, akachukua kitabu cha wadudu ambacho hakijapata boksi, akakifuta, ingawa hakikuwa na vumbi. Akataja bei.

"Kizuri kweli," mama akasema akifunua sisimizi. "Lakini nipunguzie kidogo, mama yangu. Kidogo tu."

Cherehani ya jirani ikasimama.

"Leo nimeshapunguza mno, mwanangu," akasema Bi Haipungui. "Haipungui."