Resho ya Alkoli na Pumzi Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika dispensari ya Kasongo, niliambiwa kwamba moto wa alkoli unakula pumzi ya mtu aliyeuwasha. Nikaamini. Niliendelea kuamini hata baada ya masomo ya jioni kunipa diploma pana kama mlango wa msikiti.

Aliyeniambia ni mkubwa wangu, muuguzi, au infirmier kama tulivyosema, Papa Kibwe, mtu wa kucheka sana, aliyetafuna tangawizi tangu tunafungua mpaka tunafunga. Alinionyesha resho yenyewe: kikombe cha shaba chenye matundu mdomoni. Unamimina alkoli ndani, unatia kiberiti, halafu juu yake unabandika sufuria ndogo ya kuchemshia sindano na seringi, yale mabomba yake. Tulikuwa juani, mchana. Alitia kiberiti, nami sikuona kitu. Akapitisha jani juu yake, jani likajikunja, likawa jeusi.

"Umeona moto?"

"Hapana, Papa."

"Hauli kuni, hautoi moshi. Sasa unakula nini? Iko nakula pumuzi, mutoto wangu. Ukiwasha, kimbia. Na ile chupa usiiguse kama mimi sipo. Hata harufu yake inapunguza siku."

Toka hapo nikawa nawasha resho kwa mkono mrefu kuliko mto Lualaba, kisha naruka nyuma kama chura.

Baadaye tulitumwa na timu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi, kwenda Lusangi, kisha Wamaza. Aliyetuongoza alikuwa ajenti sanitere, ofisa wa afya, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu. Watu walimwogopa kuliko malale yenyewe. Kila kijiji nilichagua mahali pa wazi, penye upepo mkali, nikaiweka resho huko, nikisema moyoni: afadhali moto ukale upepo kuliko kunila mimi. Moto ulilala ubavu kama majani, sufuria ikapata moto upande mmoja, nami nikaomba alkoli nyingine, na nyingine tena. Vijana, jueni: usimimine kamwe juu ya resho unayodhani imezimika. Juani moto hauonekani, nao hupanda kwenye ule mchirizi hadi chupani. Nyusi zangu hizi ni za pili. Za kwanza zilibaki Lusangi.

Wamaza ndipo mambo yalipoharibika. Foleni ilikuwa ndefu mbele ya jite, nyumba ya wasafiri wa Leta, yaani serikali, na ndani ya foleni nilimwona mama mudogo Zaina, mdogo wake mama yangu, aliyenilea. Alikuwa amekaa chini na kipande cha muhogo mdomoni. Alisinzia kabla ya kukimeza. Nilimwita, akafungua macho, hakunijua.

Ajenti aliinua chupa ya mwisho juani. Kulikuwa na mchirizi tu chini.

"Nani nakunywa alkoli ya Leta?"

Papa Kibwe alitazama miguu yake, akatafuna tangawizi.

"Amisi ndiye anayewasha, Bwana," akasema.

"Bwana, mimi ni Mwislamu!"

"Jana nimeona Mwislamu moja analala chini ya mugomba na pombe yake." Ajenti akanisukumia chupa kifuani. "Iko hii tu. Maji yakitokota, nasamehe. Yasipotokota, hakuna sindano, tunarudi Kasongo, na weye unafungwa kamba mpaka buloko ya Kabambare. Nimemaliza."

Hilo gereza ningelivumilia. Mpaka turudi tena, mama mudogo angekuwa amekwisha. Nikajiambia: Amisi, leo utoe pumzi yako.

Nilifanya yote niliyoyakwepa. Niliiingiza resho nyuma ya ukuta wa jite, mahali pa kufa upepo. Nikakata debe tupu la biskuti, nikaizungushia kama ukuta mdogo, nikaacha nafasi chini moto upate hewa, maana ukiziba kabisa unasongwa. Nikaweka mawe matatu, sufuria ikae vidole viwili juu ya mdomo wa resho: ikiwa chini sana inaukandamiza moto, ikiwa juu joto linapotea. Maji nikatia ya kufunika seringi tu. Kifuniko juu. Chupa niliikumbatia kwapani kwanza, alkoli ipate joto, iwake upesi. Halafu nikamimina, nikawasha, nikapiga magoti pale pale, uso karibu, nikatoa shahada.

Nilisikia pumzi yangu inatoka. Ninaapa niliisikia! Kifua kilibana, jasho likaingia machoni. Nyuma yangu ajenti alikuwa anagonga buti sakafuni. Nikangoja kufa. Badala yake nikasikia seringi ndani ya sufuria zinagongana, tik, tik, tik, kama meno ya mtu mwenye homa. Maji yalikuwa yanatokota.

"Bon, vema," akasema ajenti, akanawa mikono.

Mama mudogo alichomwa sindano siku ile, na siku zilizofuata, alkoli mpya ilipoletwa kutoka Kasongo. Aliishi, akanipigia kelele kwa miaka mingi kwamba sina adabu, sijaoa.

Mimi nikaendelea na kazi: Kabambare, Kasongo tena, mpaka nikawa infirmier mwenyewe. Niliwafundisha wengi ule ukuta wa debe, vidole viwili, maji kidogo. Lakini kila nikikohoa nilisema, hii ndiyo resho. Hata leo, nimestaafu, nikiona moto wa buluu naruka nyuma, na mke wangu anacheka mpaka anashika ukuta.

Papa Kibwe alipata pensheni kabla yangu, akarudi kwao Nyangwe. Nilimtembelea nikiwa bado kazini. Macho yake yalikuwa yamefifia, alinitambua kwa sauti.

"Papa," nikamwambia, "nataka kuoa. Niambie kweli: nimebakiza pumzi kiasi gani?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Amisi, moto ule hauli pumzi ya mutu. Unakula alkoli tu. Nilikuogopesha usikaribie chupa, kwa sababu aliyekuwa anainywa ni mimi."