Fundi wa mapazia aliyeifuta sentensi ya baba yake

Saa moja kasoro asubuhi, treni ya kwanza haijaingia bado. Mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni anatembea taratibu kwenye jukwaa la stesheni ya reli, anahesabu nguzo. Akifika mwisho anageuka, anaanza upya kutoka upande wa pili, maana nguzo moja imejibanza nyuma ya kibanda cha magazeti na ni rahisi kuiruka.

Mlinzi wa stesheni anamtazama huku anapuliza chai yake. Wameshazoeana. "Leo zimefika ngapi, dada?" anamuuliza.

"Zile zile kumi na tisa."

"Basi hatujaibiwa," mlinzi anajibu, na kurudi kwenye kikombe chake.

Mwanamke huyu ni fundi wa mapazia. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka hapa: chumba kimoja, meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na roli za vitambaa zilizoegemezwa ukutani. Ana miaka arobaini na saba, watoto wawili, na mama mzazi anayeishi naye. Mapazia ndiyo yanayomlisha. Kazi yake nyingine, hii ya kuhesabu nguzo, haimpi hata senti, nayo ndiyo iliyompeleka mwandishi wa habari hii mlangoni kwake.

Fundi ni mhakiki wa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha. Mtu akiona makala yake imeiva, anaiombea daraja la makala bora. Hapo anatafutwa mtu mwingine ambaye hakuiandika, akae nayo siku saba, aipitie sentensi kwa sentensi, kisha aseme imepita au imeanguka. Huko mtandaoni fundi anajiita Sindano. Kwa miaka minane amekagua makala sitini na mbili, akapitisha ishirini na tisa tu.

"Wananiita roho ngumu," anasema akicheka. "Lakini mimi ni fundi wa mapazia, bwana. Nikikosea sentimita mbili, kila anayeingia sebuleni anaona."

Namna anavyofanya kazi inatia hofu. Kila sentensi ina tanbihi inayotaja kitabu, gazeti au ripoti ilikotoka. Wengine wakiiona tanbihi ipo, wanaridhika. Sindano anaifuata hadi maktaba, anafungua ukurasa uliotajwa, anasoma mwenyewe. Kuna ripoti moja ya reli ilimchukua wiki tatu kuipata, kwa ajili ya urefu wa jukwaa. Na zile nguzo je? Hesabu yake mwenyewe haikubaliki kama ushahidi, lazima iwe imechapishwa mahali. "Najua haikubaliki," anasema. "Nahesabu ili nipate usingizi."

Miezi mitano iliyopita ililetwa makala kuhusu stesheni hii hii. Mwandishi wake, mwalimu wa hesabu wa mji mwingine anayejiita Abiria, alikuwa ameihangaikia miezi kumi na minne. Tanbihi themanini na nne. Fundi aliichukua kwa furaha, akatangaza tangu siku ya kwanza kwamba marehemu baba yake aliwahi kufanya kazi pale. Wenzake wakamwambia hakuna tabu, endelea.

Siku ya nne akafika tanbihi ya hamsini na moja.

Ilishika sentensi iliyosema hivi: "Mwaka wa mafuriko, mpiga kengele wa stesheni alitembea relini kilomita mbili na nusu akiwa na taa ya mkono, akasimamisha treni ya abiria kabla haijafika kwenye daraja lililobomoka."

Kwa kauli ya fundi, huyo mpiga kengele ndiye baba yake. Chanzo kilichotajwa kilikuwa gazeti kubwa, la miaka sita nyuma. Kwa sheria za kamusi elezo, gazeti la namna hiyo linatosha kabisa. Yeye akaenda maktaba, akalifunua. Sentensi ilikuwemo, neno kwa neno.

"Ndipo nilipoiona ile nusu," anasema. "Baba alipokuwa akitusimulia, siku moja alisema kilomita mbili, siku nyingine tatu. Hakusema nusu hata mara moja. Nusu niliiweka mimi. Nilikata katikati."

Mkasi anauweka mezani. Anaeleza polepole, kama anayempimia mteja dirisha. Kila makala ya kamusi elezo ina historia yake, inayoonyesha nani aliongeza nini na lini. Alipoifungua, akakuta sentensi ile iliingizwa miaka kumi na moja iliyopita, yaani miaka mitano kabla ya gazeti, na mtu asiye na jina, tarakimu tupu za kompyuta aliyoitumia. Tarehe yake aliijua. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika baba. Yeye alikuwa kwenye duka la intaneti akichapisha barua, akaambiwa kwamba kwenye kamusi elezo mtu yeyote anaweza kuandika. Akatafuta makala ya stesheni, akakuta mistari mitatu. Akaongeza wa nne.

"Nilikaa hapa hapa, nguo ya mteja imelala mezani nusu imekatwa, nikasema, ala, kumbe ni mimi."

Gazeti lilichota kwenye kamusi elezo bila kusema. Sasa kamusi elezo inalitaja gazeti kama shahidi. Wahakiki wanauita mduara: huyu anamwegemea yule, yule anamwegemea huyu, na katikati hapana aliyeona kitu. Katika kazi yao hakuna kosa linaloogopwa zaidi ya hilo, kwa sababu kwa nje linaonekana safi kabisa.

Angeweza kunyamaza. Tarakimu zile haziwezi kumtaja mtu. Gazeti linaheshimika. Na baba yake, kwa maelezo yake, hana alama nyingine duniani: stesheni haina picha yake, mafaili ya wafanyakazi yalipotea ofisi zilipohamishwa, na kwenye kibao cha mlangoni yameandikwa majina ya wakuu tu. Alichokuwa nacho ni sentensi moja.

Ulifikiria kuipitisha? Mwandishi wa habari hii anamuuliza. Fundi anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anaukata kwa meno.

"Siku mbili nzima. Nikajiambia, nani ataumia? Kisha nikawakumbuka watu thelathini na watatu niliowaangushia makala zao. Kuna dada mmoja aliandika kuhusu bibi yake, mkunga. Nikamwambia bila chanzo haiwezekani. Aliniomba sana. Nikamwambia pole, sheria ni sheria. Sasa ya kwangu niipitishe kwa uso gani?"

Siku ya sita akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, mahali ambapo dunia nzima inaweza kusoma: "Tanbihi ya 51 ni mduara. Sentensi hii niliiandika mimi, kwa kumsikia baba yangu. Gazeti liliichukua kwetu. Iondolewe."

Kesho yake jibu la Abiria likaja: "Sindano, hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya nianze kuikuza makala nzima. Nimeifuta sasa hivi. Samahani, na pole."

Siku ya saba makala ilipita, ikiwa na tanbihi themanini na tatu. Mwandishi wa habari hii amefanya kazi ya magazeti miaka mingi, na anakiri kwamba aliposikia hayo aliona haya kidogo, kwa sababu ya lile gazeti.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mzazi, ambaye macho yake hayasomi tena, alikuwa na kawaida ya kuomba asomewe mstari ule kwenye simu. Siku alipoambiwa umeondolewa, alinuna wiki nzima.

"Nilimuuliza, kwa hiyo baba yako hakutembea?" bibi huyo anasimulia, amekaa kwenye kochi, bakora imelala magotini. "Akaniambia, alitembea, mama. Sasa kama alitembea, umefuta nini?"

"Nikamwambia gazeti lilinisikia mimi, na mimi nilimsikia baba," binti anadakia. "Hakuna wa tatu."

"Wa tatu ni mimi," mama anasema. "Alirudi asubuhi, miguu imechubuka yote. Niliiosha mimi, kwa maji ya moto na chumvi. Andika hivyo."

"Hiyo nayo haikubaliki, mama."

"Hao watu wako wana kazi," mama anajibu, na kugeukia dirisha. Hata hivyo mkono wake unapapasa kochi mpaka unaufikia wa binti yake, unaushika.

Sasa fundi na mwalimu wa hesabu, ambao hawajaonana hata siku moja, wanatafuta pamoja. Abiria ndiye aliyegundua kwamba zamani wafanyakazi wa reli walikuwa na jarida lao la kila mwezi, na kwamba nakala za mwaka wa mafuriko zimehifadhiwa kwenye maktaba ya chuo cha reli. Kila Jumamosi adhuhuri fundi anafunga duka, anakwenda kusoma. Mafuriko yalikuwa Oktoba. Yeye amefika Agosti. Ameshasoma habari za mashindano ya kuvuta kamba, ratiba za likizo na malalamiko ya sare zinazobana. Juzuu la miezi ya mwisho liko ghalani, na mkutubi ameahidi kulitoa Jumamosi ijayo.

Kama tukio hilo halimo?

"Kama halimo, halimo," anasema. "Nitaumia. Lakini sitaandika."

Mwandishi anapofunga daftari, fundi anamshika mkono. Ana ombi moja. "Habari yako ikitoka gazetini, kesho mtu ataichukua na kuifanya chanzo. Tafadhali, usiandike kwamba ilitokea. Andika kwamba mimi ndiye niliyesema, na kwamba sina ushahidi."

Mwandishi ameahidi, na hapa anatimiza: binti wa mpiga kengele ndiye aliyesema, na hana ushahidi.

Kisha fundi anafungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia, anaitafuta makala ya stesheni, anaweka kidole kati ya aya ya mafuriko na aya ya ukarabati.

"Nafasi yake ni hapa," anasema. "Nimeshaipima. Inaingia sentensi moja."